Gurudumu Lisilocheza

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujaisoma hadithi hii, shika haya upesi. Ijumaa gari la shule lilivuta kushoto kwenye mteremko, likamshinda dereva, likaparuza ukuta. Watoto walitoka wazima. Dereva ni mama mmoja ambaye watoto wenyewe wamembandika jina la Mama Breki, kwa sababu hukanyaga breki mapema kuliko madereva wote. Yeye alisema usukani ulimkatalia. Fundi wa gereji ya shule, ambaye ni wifi yake, dada wa mumewe, alisema gari ni zima na mbovu ni dereva. Mama Breki akasimamishwa kazi.

Leo mchana, gereji ikiwa tupu, aliingia kwa mlango wa nyuma, akateremka kwenye shimo la ukaguzi chini ya gari, akaanza kupapasa vyuma mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa kwenye tairodi, kile chuma chembamba kinachovuta gurudumu usukani ukizungushwa, wakati mlango wa dereva ulipofunguliwa juu yake. Mtu akapanda. Usukani ukaanza kuzunguka.

Mama Breki alichomoa mkono. Chuma kikapita palepale vidole vilipokuwa.

"Nani huyo?"

Usukani ukarudishwa upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Nimeuliza nani huyo. Kuna mtu huku chini."

"Najua kuna mtu," sauti ikasema. "Nimeona viatu vyako mlangoni. Mwizi gani anavua viatu kwa adabu hivyo?"

Alikuwa wifi yake.

"Sijaiba kitu."

"Basi unaharibu. Umeingia kulegeza nati, halafu jioni useme zilikuwa hivyo tangu Ijumaa."

"Ningejua nati ya kulegeza, wifi, ningekuwa fundi mzuri kuliko wewe."

Wifi alicheka puani. Hakuteremka.

"Haya. Umekuja kukagua, tukague. Shika hapo ulipokuwa umeshika. Mimi nitachezesha usukani kidogo, kushoto, kulia. Ukisikia kiungo kinacheza, sema."

"Wewe uko juu na usukani, mimi niko chini na vidole?"

"Unaniogopa?"

"Nakujua."

"Ningetaka vidole vyako ningevichukua siku ile unavishwa pete. Shika."

Mama Breki akashika. Hakuwa na njia nyingine, na alijua kwamba kipimo chenyewe ni cha haki. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, usukani ukichezeshwa kidogo, kiungo kilichokufa hujisema chenyewe. Upande mmoja wa chuma husogea kwanza, mwingine hufuata baadaye, na katikati yake mkono husikia mdundo mdogo.

Alianza na ya kushoto. Vyuma vilisogea pamoja. Akahamia kulia. Pamoja. Akapeleka mkono ndani, kwenye viungo vya katikati, huku akiomba moyoni kimoja angalau kiwe kimeoza. Vyote vilisogea pamoja, vimeshikana kama mapacha sokoni.

"Vipi?" akauliza Wifi.

Mama Breki alikishika tena kiungo cha mwisho.

"Nimeuliza vipi."

"Hazichezi."

"Sema kwa sauti."

"Hazichezi, wifi."

"Umesikia, bosi?"

Mama Breki aliinua kichwa. Ukingoni mwa shimo kulikuwa na viatu vyeusi vya kung'aa, soksi zilizovutwa juu, na tai ndefu iliyoning'inia. Mwenye Shule alikuwa amesimama pale muda wote, mikono nyuma.

Wifi alikuwa amempigia simu kabla hajapanda garini.

"Toka humo, mama," alisema Mwenye Shule.

Alitoka, miguu mitupu, grisi mpaka viwiko. Wifi naye akashuka kutoka kwenye kiti, ovaroli yake safi kama ya kwenda kupiga picha. Wakasimama wakitazamana. Wanawake hawa wawili wamekula meza moja miaka mingi na hakuna aliyewahi kumpitishia mwenzake chumvi.

"Nilisema usikanyage hapa," alisema Mwenye Shule. "Umekanyaga. Na bila viatu."

"Mzee, gari hili litarudi barabarani leo?"

"Watoto wanakaribia kutoka. Unataka niwabebe mgongoni?"

"Binti yangu anapanda gari hili."

"Binti wa kaka yangu," akasahihisha Wifi. "Na anashuka salama kila siku ninapolikagua mimi. Aliyemgonganisha na ukuta ni wewe."

"Usukani ulivuta."

"Ulisinzia."

"Sikusinzia."

"Basi ulikuwa unajitazama kwenye kioo. Tangu uingie kwenye ukoo wetu kila kitu unakigonga, halafu kosa ni la kitu."

Mwenye Shule aliinua mkono. "Nisikilizeni, maana sina mchana mzima wa kusikiliza mawifi. Fundi, inua gari. Nionyeshe mimi, kwa macho yangu. Likiwa bovu, halitoki. Likiwa zima, litapata dereva mwingine, na wewe, mama, tutakuwa tumemalizana leo leo."

Hapo ndipo mambo yalipowekwa mezani. Mama Breki alikuwa na gurudumu moja la kulitikisa, na ndani ya gurudumu hilo mlikuwa na kazi yake, jina lake, na mteremko ambao watoto wangeshushwa tena baada ya muda mfupi.

Wifi aliliburura jeki kubwa la magurudumu, akalisukuma chini ya chesisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari, akapiga mpini. Pembe ya mbele ya gari ikapanda. Gurudumu la kushoto likaachana na sakafu, likaning'inia.

"Tazama, bosi. Mkono mmoja kushoto, mmoja kulia. Nikisukuma huku na kuvuta huku, tairodi mbovu ingecheza." Alisukuma, akavuta. Gurudumu lilitulia. "Sasa mkono mmoja juu, mmoja chini. Hapa ndipo unapojulikana ubovu wa beringi, zile gurudumu linazozungukia, na wa boljointi. Boljointi ni ile gololi kubwa inayoshikilia gurudumu lisichomoke." Akatikisa tena, kwa nguvu zake zote, na za Wifi si haba. Gurudumu halikusogea hata upana wa kucha.

"Jaribu mwenyewe."

Mwenye Shule alitupa tai yake begani, akainama, akashika tairi, akatikisa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna kitu.

"Limekaza," alisema, akifuta mikono kwa leso.

"Naomba na mimi," akasema Mama Breki.

"Mpishe, bosi. Asije akasema tulimnyima."

Mama Breki alilishika gurudumu juu na chini. Alilisukuma kwa goti. Alilivuta akiwa ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, na niseme wazi, mama huyu si wa kupeperushwa na upepo. Gurudumu lilikaa kimya kama limepewa chakula.

Aliliachia.

"Ijumaa lilivuta," alisema. Safari hii alikuwa anajiambia mwenyewe.

Hapo mlangoni akaingia Chapuchapu, dereva mpya, miwani ya jua kichwani, akitafuna kijiti. Aliajiriwa Jumatatu. Jina alikuja nalo.

"Bosi, wadogo wanapangwa mstari. Niende na lipi?"

"Nenda na pacha lake, lile gari jingine la nje. Fundi alilikagua asubuhi. Chukua wadogo kwanza. Hili litafuata na wakubwa likimaliza kusikiliza kesi."

Mama Breki alishusha pumzi. Binti yake ni wa darasa la kwanza. Mdogo. Angeshuka na pacha, si na hili. Hata kama kila kitu kingine kimemwendea vibaya leo, hilo moja limekwenda vizuri.

Chapuchapu alimtazama miguu. "Mama Breki, sasa umeamua uwe unasimamisha gari kwa unyayo?"

"Mteremko ule uushuke polepole," alimjibu. "Kuna watoto wadogo."

"Polepole ndiyo iliyokugongesha. Nilikuwa nyuma yako mwaka jana na teksi yangu, nikadhani mbele kuna msiba. Siku nikikukuta tena mbele yangu nakupita nimefumba macho."

Akachukua ufunguo ukutani, akatoka akipiga mluzi. Nje injini ikaunguruma, kokoto zikaruka, pacha likaondoka.

"Dereva ndiye huyo," alisema Wifi. "Halialii."

"Ufunguo wa akiba, mama," alisema Mwenye Shule. "Bado uko nao."

Mama Breki alifungua mkoba. Kabla hajamfikishia Mwenye Shule, Wifi alikuwa ameshatanguliza kiganja. Akaupokea ufunguo kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka jikoni, akautupa kwenye meza ya spana.

"Sasa ukamwambie kaka yangu umeacha kazi au umefukuzwa. Chagua unalopenda, unajua kutunga."

Simu ya Mwenye Shule ililia, akatoka nayo uani. Mama Breki akaenda mlangoni kuchukua viatu vyake. Aliinama. Na akiwa pale chini, shavu karibu na sakafu, aliona ndani ya lile tairi lililoning'inia.

"Wifi."

"Bado upo?"

"Tairi hili upande wa nje lina meno. Upande wa ndani ni upara. Nyuzi zinaonekana."

"Umelipaka ukutani Ijumaa, lingebaki na nywele?"

"Ukuta uliparuza nje. Huku ni ndani."

Wifi alikuja akainama, akapitisha kidole. Akakipitisha tena. "Ni upepo," akasema hatimaye. "Linajazwa vibaya. Nitalibadilisha, si kwa sababu yako."

Alipogeuka kuchukua spana ya nati za tairi, gari likaugua. Jeki kubwa lilikuwa linavuja. Oili ilitiririka sakafuni, na pembe ya gari ikawa inashuka polepole, kama mzee anayeketi.

"Hata jeki limekuona likakata tamaa," alisema Wifi.

Alilivuta lile jeki bovu akaleta jeki la chupa, fupi na nene, la magari madogo. Akalijaribu chini ya chesisi. Halikufika. Akatafuta gogo la kuliweka juu yake, hakuliona. Kwa hasira akalisogeza pembeni, karibu na gurudumu, akaliweka chini ya mkono wa chini, lile bapa la chuma ambalo springi imekalia juu yake. Pale palikuwa karibu na sakafu. Jeki likafika. Akapiga mpini, gurudumu likapanda tena.

Mama Breki alikuwa amevaa kiatu kimoja. Alikuwa anaufuta mguu wa pili.

Wifi aliiweka spana kwenye nati ya kwanza, akaivuta kwa kishindo.

Gurudumu likaitikia kwa kichwa.

Lilikuwa jambo dogo. Sehemu ya juu ya tairi ilikuja nje, ikarudi. Pamoja nayo ikatoka sauti, *ko*, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole kimoja.

Wifi akaganda.

Akatazama uani. Mwenye Shule alikuwa amewapa mgongo, anabishana na simu. Akatazama mlangoni. Mama Breki alikuwa ameinama, anafunga mkanda wa kiatu. Taratibu sana, Wifi akapeleka mkono kwenye kiskrubu cha kushushia jeki.

"Usishushe."

"Nini?"

"Jeki. Usilishushe." Mama Breki alikuwa ameshafika, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Nimesikia."

"Umesikia njaa yako."

"Toa mkono hapo, wifi."

"Au?"

"Au nitakupiga na kiatu hiki, na ni kiatu kizito, kaka yako ndiye aliyeninunulia."

Wifi hakutoa mkono. Mama Breki akaudaka kifundoni. Wakavutana kimyakimya, watu wazima wawili wamechuchumaa ubavuni mwa gari, pumzi kwa pumzi, mpaka kiwiko cha mmoja wao kikagonga tairi.

*Ko.*

Wote wawili wakaachiana.

Mama Breki alilishika gurudumu juu na chini, vilevile alivyolishika mwanzo. Likaja, likaenda. *Ko, ko. Ko, ko.* Kama jino bovu kwa ulimi.

"Ulikuwa unaficha," alisema.

"Nilikuwa nafikiri."

"Watu hufikiri kwa kushusha jeki?"

Wifi alinyanyuka, akaleta mtaimbo, akauingiza chini ya tairi na kuinua. Gurudumu lote likapanda, halafu likaanguka. Nyuma yake ile raba inayofunika boljointi ikajifungua na kujifumba kama mdomo wa samaki nchi kavu. Akainua tena. Akainua mara nyingine, ingawa hakuna aliyemwomba. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Mwenye Shule akaingia, simu mkononi. "Mbona mmenyamaza? Mkinyamaza nyie naogopa."

"Litikise mwenyewe gurudumu, mzee," alisema Mama Breki.

Akatikisa. Safari hii tai haikuwa begani, ikaburuzika kwenye grisi, wala hakuiona.

"Hili ndilo lilelile?"

"Lilelile."

"Sasa hivi lilikuwa limekaza. Nililishika kwa mikono yangu. Fundi, umelifanya nini?"

Wifi alikuwa bado ameshika mtaimbo. Alipozungumza alizungumza na gurudumu.

"Nimehamisha jeki. Basi. Mwanzo niliweka kwenye chesisi. Springi ya gari hili inakaa juu ya mkono wa chini. Ukiinua chesisi, springi inabaki inausukuma mkono kwenda chini, na mkono unaivuta boljointi, nayo inabana. Hata ikiwa imekwisha, inabana. Ukitikisa husikii kitu. Ukiweka jeki chini ya mkono wenyewe, springi inakaliwa na jeki, boljointi inapumzika. Ndipo inasema ukweli."

"Na hilo ulikuwa hulijui?"

"Nalijua. Lakini nimejifunzia magari madogo, na nimeyatengeneza maisha yangu yote. Yale springi yake imesimama peke yake juu, haiigusi boljointi, jeki unaweka kwenye chesisi na ni sahihi. Mkono umezoea. Nimeingiza jeki hapo bila hata kuangalia."

"Na Ijumaa?"

"Kwenye breki, mteremkoni, uzito wote unakuja mbele. Gololi ikasogea kwenye kikombe chake. Gurudumu likalala. Gari likavuta." Akaligusa gurudumu. "Kushoto."

Mama Breki alivaa kiatu cha pili. Hakuwa na haraka. Alikuwa amesubiri tangu Ijumaa, na kwa mambo mengine alikuwa amesubiri tangu harusi.

"Sema, wifi. Linacheza au halichezi?"

"Umeona mwenyewe."

"Sema kwa sauti."

Wifi alimtazama kwa macho ambayo yangeweza kufungua nati.

"Linacheza."

"Linacheza, nani?"

"Linacheza, wifi."

"Asante." Mama Breki akanyoosha mkono mezani, akachukua ufunguo wake wa akiba. Akautia mkobani. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, mlango wa mbele safari hii, kichwa juu.

Hatua ya pili haikufika chini.

Akageuka.

"Wifi. Pacha lake."

Wifi tayari alikuwa anatazama mlango wazi, pale kwenye kokoto ambapo gari la pili lilikuwa limesimama.

"Asubuhi," alisema Mama Breki. "Uliliwekea jeki wapi?"

Mtaimbo ukaanguka sakafuni.

"Jibu."

"Kwenye chesisi."

"Mlilinunua lini hilo?"

"Siku moja na hili," akasema Mwenye Shule, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Yamefanya barabara moja."

"Tairi lake la kushoto," alisema Wifi. "Ndani limeliwa. Niliona asubuhi. Nikasema ni upepo."

Mama Breki alimgeukia Mwenye Shule. "Piga simu shuleni. Wasiwapandishe."

Mwenye Shule alikuwa ameshaweka simu sikioni. Walimtazama mdomo. "Gari la wadogo," alisema. "Lizuieni. Lizuieni langoni." Akasikiliza. Mkono wake ukashuka. "Limeshatoka. Limejaa."

"Mpigie Chapuchapu."

Akapiga. Wote watatu wakasikia ikiita. Iliita vizuri sana, kwa sababu ilikuwa inaita juu ya meza ya spana, imechomekwa kwenye chaja, ikitetemeka kati ya nati na vitambaa vya mafuta.

"Mtoto yumo," alisema Mama Breki. "Shangazi yake ndiye aliyelikagua, mtoto akaambiwa ni zima, akapanda."

"Usiniambie."

"Nakwambia. Jana aliniuliza kama shangazi anaweza kumtengenezea baiskeli. Nikamwambia shangazi anajua magurudumu kuliko mtu yeyote."

Wifi alijipapasa mifuko ya ovaroli, akatoa ufunguo wa pikapu yake. Aliutazama. Mikono yake ilikuwa na oili ya jeki mpaka vifundoni. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mwanamke huyu aingie kwenye ukoo wao. Akampa kitu mkononi.

"Endesha wewe."

Walitoka gereji wakimwacha Mwenye Shule kwenye kokoto na simu mbili. Barabara ya gereji inakutana na mteremko pale juu, kabla haujawa mkali. Mama Breki alifika njia panda, akachungulia kulia, na pacha lilikuwa linakuja. Aliona mikono ya watoto madirishani. Kila siku hupunga hapo, kwa muuza magazeti.

"Simama katikati, piga honi," alisema Wifi. "Mzuie."

"Nikimzuia atakanyaga breki mpaka chini, na mteremko umeshaanza. Umesema mwenyewe kinachotokea mtu akikanyaga breki hapa."

Wifi akashika dashibodi.

"Basi utafanya nini?"

"Nitafanya kile mnachonichekea."

Akaingia barabarani mbele ya pacha, mbali kidogo, akaweka gia ndogo, akaanza kwenda polepole. Polepole zaidi. Hakugusa breki kwa ghafla hata mara moja. Aliigusa kama mtu anayeamsha mtoto mchanga. Alitaka gari la nyuma lipungue mwendo bila kujua kwamba linapunguzwa. Likipungua hivyo mpaka chini kwenye tambarare, litasimama lenyewe.

Kwenye kioo pacha lilijaa. Chapuchapu alipiga honi. Mama Breki akapunguza tena. Pacha nalo likapunguza.

"Linakubali," alisema Wifi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, anatazama nyuma. "Endelea hivyo. Gurudumu limesimama wima. Endelea, wifi."

Wakapita kona ya kwanza. Pacha likakanyaga shimo dogo la barabarani.

Wifi akashika mgongo wa kiti.

"Nini?"

"Limelala. Kidogo. Limerudi."

"Nyamaza nitazame."

Kwenye kioo, nyuma ya kioo cha mbele cha gari la shule, Mama Breki aliona kiti cha mbele karibu na dereva. Binti yake alikuwa amekaa pale, begi magotini. Mtoto alikuwa ameitambua pikapu ya shangazi yake, na kisha kichwa cha mama yake. Aligeuka, akamwambia Chapuchapu kitu, akinyoosha kidole, anacheka.

Chapuchapu akachungulia. Akamtambua aliyekuwa mbele yake. Akashusha ile miwani kutoka kichwani, akaivaa.

Mbele yao barabara ilikuwa tupu mpaka chini, na mteremko ulikuwa unaanza kuwa mkali.

"Hapana," alisema Wifi. "Hapana, hapana, mjinga wewe."

Taa ya kulia ya gari la shule ilikuwa inawaka na kuzima. Chapuchapu alikuwa anakanyaga mafuta ampite.